Bunduki ya Misumari Niliyomnyima Kasimu

Mwaka ninaotaka kuwasimulia ni ule sukari ilipoadimika, Kariakoo nzima tukala maandazi ya chumvi. Mama lishe wetu wa Gerezani aliyakanda kwa tui na hiliki ili audanganye ulimi, lakini ulimi haukudanganyika. Chai tuliishushia tende, na asiye na tende alitafuna muwa. Mimi miaka siijui kwa namba, naijua kwa sahani. Mkiniuliza bunduki za misumari za betri zilianza lini kuingia dukani kwangu, nitawaambia ni mwaka kuku wa kisasa walipokuwa rahisi kuliko maharage. Mkiniuliza niliacha lini kuziuza, ni mwaka huo wa maandazi ya chumvi.

Jina langu Bi Tatu, Mzaramo wa hapahapa, si wa kuja. Shule nilifika darasa la nne, nikaolewa. Nimeuza vifaa vya ujenzi tangu msumari tunaupima kwa kilo kwenye mizani na kuufunga kwenye gazeti, mpaka leo ambapo mtu anaingia na simu mkononi, ananionyesha picha, anasema, "Bibi, nataka kama hii." Sasa duka analo mjukuu wangu Rehema, mtoto wa binti yangu mkubwa. Analiendesha vizuri, na ninajivunia yeye mbele ya mtu yeyote. Lakini nyie vijana mnaoagiza bunduki ya misumari kwake kwa simu, mkaletewa na bodaboda mpaka mlangoni, kuna mambo hampati kuambiwa. Yamenikaa kifuani kama kiungulia. Ngoja niyatoe.

Kwanza kabisa, usinunue. Ndiyo, muuza duka mzima ndiye anayewaambia. Kama kazi yako ni kutundika picha ya harusi na kurudishia mguu wa kiti, nunua nyundo, pesa inayobaki nenda Feri ukanunue samaki, ule na wanao. Bunduki ni ya mtu mwenye kazi ya kurudiarudia: anayejitengenezea kabati la jikoni, anayepiga dari la mbao, anayezungushia milango mikanda. Ni ya mtu ambaye mkono mmoja unatakiwa ushike ubao na hana wa kumshikia msumari.

Hilo la mikanda nililijua kwa kuaibika. Alikuja mama mmoja wa Kihindi, anakaa Upanga ghorofani. Mchwa walikuwa wamemlia mikanda ya milango, ile mibao myembamba inayozunguka fremu, akataka kuibadilisha yeye mwenyewe na mumewe siku ya mapumziko. Mimi kichwani kwangu kubwa ndiyo nzuri. Nikamshushia bunduki iliyokuwa juu kabisa ya rafu, ile ya kuungia mbao za paa, inameza misumari minene yenye kichwa. Kesho yake karudi na kikapu. Kikapuni mna mikanda imepasuka vipandevipande kama kuni za kuwashia jiko.

"Bi Tatu," akasema, "nilikuomba kitu cha kupigilia mikanda, ukanipa mzinga wa Ramadhani. Majirani wa chini wamepanda kuuliza kama tumeshafuturu."

Nilimrudishia chake na nikamwomba radhi. Aliyecheka kuliko wote ni Kasimu, seremala aliyekuwa na benchi lake pale kibarazani, mlangoni pangu. Alicheka mpaka akakalia maranda. Halafu akafuta machozi, akaingia ndani, akamimina misumari ya kila namna juu ya kaunta.

"Njoo hapa, Mzaramo. Unauza vitu usivyovijua mwili. Huu mwembamba kama pini, hauna kichwa, ni wa mikanda na mapambo. Unaingia bila kupasua na tundu lake halionekani. Huu ulionenepa kidogo ni wa makabati na vizingiti. Huu bwana mkubwa mwenye kichwa ni wa paa. Kila mwili una bunduki yake. Ukimuuzia mtu wa mkanda bunduki ya paa, umemuuzia ugomvi na mkewe."

Kila nikijuacho kuhusu zana hizi kimetoka kwa Kasimu. Mzigo mpya ukiingia, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuujaribu kwenye benchi lake. Akisema "hii inakohoa," siiweki rafuni.

Siku hiyo ndipo tulipoanza utaratibu wa kipande. Mtu akitaka bunduki ya misumari kwangu, alete kwanza kipande cha ubao anaoenda kuupigilia. Si maneno, si picha. Ubao wenyewe. Tunauweka kwenye benchi la Kasimu, mteja anapiga yeye mwenyewe, na mimi natazama. Ubao unasema. Paini ni laini, bunduki yoyote inazamisha msumari mpaka unapotea. Mninga ni mgumu na mkongo ni mgumu zaidi, bunduki dhaifu inaacha vichwa vimechomoza kama wanafunzi wamesimamishwa darasani. Na mteja naye anasema, bila kufungua mdomo. Ukimwona anafumba macho kabla ya kubonyeza, huyo mwambie akaishi na nyundo.

Jirani yangu Mama Aika, Mchaga wa Kilimanjaro, mwenye duka la jumla la makufuli na bawaba, alikuwa hanipi nafasi.

"Bi Tatu, hivi wewe unauza au unafanya usaili? Mteja kaja na hela, unamrudisha Tabata akalete ubao!"

"Wa kwako wanaondoka na mfuko, Mama Aika. Wa kwangu wanarudi na ndugu zao."

"Wanarudi na mbao, mama! Duka lako limekuwa kiwanda cha mbao!"

Na kweli vipande vilijaa. Tulivipikia chai.

Sikilizeni sasa ya betri, maana hapa ndipo vijana mnapoumizwa. Kama nyumbani una drili ya betri, ingia dukani na betri yake mfukoni, utafute bunduki inayokubali betri hiyohiyo. Kila kampuni ina mdomo wake, hawaazimani. Halafu pima betri mkononi. Betri ya kweli ina uzito wa mtoto aliyeshiba. Ya bandia ni nyepesi, hata wangeibandika namba kubwa namna gani. Nunua mbili, moja iwe kwenye chaji, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya dari, utabaki juu ya ngazi umenyanyua ubao kama mtu anayeomba mvua.

Zipo na zile zinazotumia betri pamoja na kichupa cha gesi. Zina nguvu, sizisemi vibaya. Ila kichupa kikiisha, ukazunguka Kariakoo nzima unakitafuta, utanikumbuka. Mambo ya misumari ni hivyohivyo. Kabla ya kulipia bunduki, uliza misumari yake inauzwa wapi tena. Ukiambiwa "hapa tu," weka chini, uondoke.

Inyanyue juu ya kichwa, ikae huko mpaka uchoke. Dukani kila bunduki ni nyepesi. Tafuta yenye gurudumu dogo la kupunguza na kuongeza kina, ili msumari usizame sana wala usichomoze. Na ya nyumbani iwe ya kupiga moja moja: unaukandamiza mdomo wake kwenye ubao, unabonyeza, unatoa kidole, ndipo upige tena. Zile za mfululizo, ambazo umeshikilia kidole na kila ikigusa inatema, waachie watu wa kiwandani. Msumari ukikwama, chomoa betri kwanza. Kwanza! Usichungulie mdomoni mwa kitu chenye roho.

Rehema ameuacha utaratibu wa kipande. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwa upole, "Bibi, mteja wa siku hizi hana muda. Yuko Mbezi, anatuma hela, anataka mzigo leo. Nikimwambia alete ubao ataniblok."

"Atakufanya nini?"

"Hatanitafuta tena, bibi."

Nikamwacha aendelee na kazi. Maana mimi ni nani wa kumsema, na kipande cha mwisho kuletwa dukani kwangu kilinitoa dukani?

Siku hizi nakaa kibarazani asubuhi nikiota jua. Kasimu bado anapita, anakwenda msikitini kwa mguu. Akinifikia anasimama, ananiambia, "Habari za asubuhi, Bi Tatu."

"Nzuri, fundi. Umeamkaje?"

"Salama. Haya, siku njema."

Basi. Anaondoka. Mnaona kama ni mambo ya kawaida, mzee anamsalimia mzee mwenzake kwa adabu. Mimi yananikata maini.

Kasimu ni Mnyamwezi wa Tabora. Nyie mliozaliwa juzi huenda hamkuambiwa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Miaka yote ile salamu yetu ilikuwa hivi:

"We Mzaramo mvivu! Bado tu unauza? Nilidhani duka umeshaliuza ukachezee ngoma."

"Mnyamwezi, mzigo wako uko wapi leo? Au umeula njiani kama babu yako?"

Mume wangu alipofariki, Kasimu aliingia msibani amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anaulizia chai kwa sauti ya marehemu. Nililia na kucheka kwa pamoja, na nadhani ndicho kilichonivusha siku ile. Mtu huyo ndiye ananiambia leo "siku njema." Harusi ya binti yake wa mwisho, Mwajuma, nilialikwa kwa kadi, nikakaa na wageni. Hakuja kunifunga kamba miguuni, hakunidai faini, hakuniita jina baya hata moja. Kabati la Mwajuma niliona likipakiwa kwenye kirikuu. La dukani, la mbao zile za kusagwa na kubanwa, linang'aa kama sahani ya plastiki.

Hilo kabati ndilo lenyewe.

Kasimu ana mabinti tu. Kila aliyeolewa alikwenda kwa mumewe na kabati la vyombo la mninga, milango ya vioo, ameligonga baba yake kwa mkono wake mwanzo mpaka mwisho. Hakumruhusu mtu aguse hata msasa. Mabinti wakikutana kwenye Idi wanabishana la nani zuri zaidi. Mwajuma amekua anasubiri lake. Akiwa mdogo alikuwa analala chini ya benchi pale kibarazani, anaamka ana maranda kwenye nywele, anauliza, "Baba, langu litakuwa na droo?"

Halafu Kasimu akapatwa na kiharusi. Akalazwa, Mungu akamrudisha. Mdomo ulirudi mzima, miguu ikarudi. Mkono wa kushoto ulirudi kwa umbo tu. Ulikuwa unashika, unanyanyua, lakini hausikii. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mzaramo, naweza kushika sufuria la uji jikoni, nijue la moto kwa harufu ya ngozi yangu." Tukacheka, kwa sababu ndivyo tulivyozoea.

Nyundo ikamshinda. Nyundo inataka mkono wa kushoto ushike msumari, na kila akipiga alijipiga. Benchi likakaa tupu. Harusi imepangwa Mfunguo Mosi, mninga umeshanunuliwa, umelala uvunguni kwake.

Ndipo asubuhi moja, tunakula yale maandazi yetu ya chumvi, nikamwona anakuja kutokea upande wa Msimbazi amebana kitu kwapani. Rehema akamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mchumba wangu." Akaweka kitu kaunta. Kipande cha mninga.

"Nimeleta kipande, Mzaramo, usije ukasema sikuleta. Nipe bunduki ya betri, ya misumari ya makabati. Hii haihitaji mkono wa kushoto. Betri ndiyo mkono wangu wa kushoto."

Alikuwa amependeza siku hiyo. Amenyoa, penseli iko sikioni. Muda mrefu sikuwa nimeiona ile penseli.

Vijana, hapo alikosea, na wengi wenu mnakosea hapohapo. Bunduki inautaka mkono unaoshika ubao kuliko nyundo inavyoutaka. Nyundo inakuonya, inanyanyuka kwanza, unaiona inashuka. Bunduki haionyi. Mkono unaoshika lazima ujue uko wapi, ujue umeteleza, ukimbie wenyewe kabla hujafikiri. Mkono usiosikia haukimbii.

Lakini nani angemwambia Kasimu? Nikamshushia iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Nikahakikisha ni ya moja moja. Kina nikakipima mwenyewe. Tukatoka hadi kwenye benchi lake, Mama Aika naye akatoka dukani kwake na andazi mkononi.

Msumari wa kwanza ulinyooka. Wa pili ukanyooka. Mama Aika akapiga kigelegele, "Mwoneni baba wa bibi harusi!" Kasimu akageuka kumjibu, "Wewe Mchaga, shangilia bure bure leo, kesho utatoza!" na huku anageuka, akabonyeza wa tatu.

Mninga ulikuwa na fundo pale. Msumari mwembamba ukikutana na fundo haubishani nalo, unapinda na kutafuta pa kutokea. Ulitokea ubavuni mwa ubao. Na kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimeteleza chenyewe mpaka ubavuni. Ulimkwaruza ngozi, akapona kwa unene wa karatasi. Damu ikaanza kushuka kwenye ubao, na Kasimu hajui. Bado anacheka na Mama Aika, kidole kinavuja, mwenyewe anacheka.

Nikamnyang'anya bunduki nikachomoa betri. Nikashika mkono wake nikaufunga kwa ncha ya kanga yangu. Akakitazama kidole kama amekiokota njiani.

"Kumbe cha kwangu?" akasema, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

Nilijaribu njia nyingine kabla ya ile ya kumnyima. Mungu ni shahidi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kasimu, nikutafutie fundi. Wewe upime, ukate, uelekeze. Yeye apigilie tu."

"Mwajuma nimwambie nini? Hili baba yako alilisimamia? Dada zake wamepata mkono wangu, yeye apate mdomo wangu?"

"Basi ubane ubao kwa jiliwa, mkono ukae mbali."

"Jiliwa linabana ubao mezani, Mzaramo. Kabati likishasimama, litabanwa na nani, na shemeji yako? Umeuza zana miaka yote hiyo, bado unafikiri kama muuza mihogo."

Alikuwa na haki. Nimewaza mara nyingi baadaye, labda tungepata namna. Labda Rehema angemshikia. Labda ningemkodisha kwa siku moja nikae naye. Mawazo hayo huja nikiwa nimeketi, duka si langu tena, na kabati la mbao za kusagwa limeshakwenda. Wakati ule nilikuwa naona kanga yangu tu inavyobadilika rangi kwenye kidole cha mtu ambaye haoni maumivu.

Tukarudi ndani. Watu wametufuata hadi mlangoni, wanajua tukianza utani hawatakosa la kuhadithia. Kasimu akaegemea kaunta. "Haya, funga mzigo. Weka na betri ya pili, usinibanie, mtoto wako anaolewa."

"Sikuuzii, Kasimu. Mkono wako umekwisha."

Akaangua kicheko. Mlangoni wakaangua kicheko. Mama Aika akapiga makofi, "Leo Mzaramo kaamka na sumu!" Kasimu akagonga kaunta kwa mkono ule mzima, akawageukia watu, "Mmemsikia? Babu yake alikuwa hivihivi, alikataa kuuza nazi akazila mwenyewe, akafa na tumbo!" Wakacheka tena. Rehema naye, akicheka, alishachukua boksi, anaanza kulifunga. Nikalitoa mikononi mwake, nikapanda kigoda, nikalirudisha rafu ya juu.

Rehema akawa wa kwanza kunyamaza. Kisha wa mlangoni, mmoja mmoja. Kasimu alikuwa bado anatabasamu, penseli sikioni, amenyoosha mkono uliofungwa kanga juu ya kaunta, anasubiri nimalizie utani wangu ili naye ajibu. Nikashuka kwenye kigoda. Nikamtazama machoni.

"Sikuuzii, Kasimu. Mkono wako umekwisha."